Umri wa Tairi: Nasaha kwa Wenye Magari Yakaayo Sana na Kwenda Kidogo

Dibaji

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya wakaazi wa Mombasa upande wa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, walio na magari ambayo kwa tabia ya kazi yake hukaa siku nyingi na kwenda siku chache: basi la shule lilalalo likizo nzima uani, gari la msikiti au la kanisa litolewalo kwa harusi na mazishi, gari la wagonjwa la zahanati, motokaa ya ndugu aliye Maskati au Dubai imngojayo mwenyewe arudi, na yale magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani yake, ambayo wasafiri huyavusha kwa feri ya Likoni kwenda kupiga kambi Tiwi na Diani. Wenye magari ya namna hii aghalabu hughurika kwa njia moja: huliangalia tairi, wakayaona meno yake yangali marefu, wakahukumu kuwa ni zima. Walakini meno hueleza tu tairi limekwenda kiasi gani. Hayaelezi limeishi miaka mingapi wala limeishi vipi, na tairi la gari likaalo huzeeka kabla ya kulika.

Sababu za kuzeeka

Mpira wa tairi hupikwa pamoja na salfa ili upate nguvu na kunyumbuka, na ndani yake hutiwa dawa za kuukinga na jua na ozoni, ambayo ni aina kali ya oksijeni iliyomo hewani. Dawa hizo hutoka ndani na kujitokeza usoni pa mpira kidogo kidogo, kila tairi linapozunguka na kujikunja chini ya uzito wa gari. Kwa hiyo gari liendalo kila siku hujipaka kinga yake lenyewe, ilhali lililoegeshwa hukaushwa ubavu mmoja na jua la mchana, mwezi baada ya mwezi, pasipo kupata kinga mpya. Fauka ya hayo, oksijeni ya upepo uliotiwa ndani hupenya polepole hata ikafika kwenye nyuzi na mikanda ya waya, ikaudhoofisha mpira unaoishikanisha, na joto huiharakisha kazi hiyo. Madhara haya ya ndani hayaonekani kwa macho mpaka siku tairi linapobanduka.

Mwezi wa Agosti 2000, huko Marekani, kampuni ya Firestone ililazimika kuyarudisha matairi kiasi cha milioni 6.5, baada ya mengi kubanduka yakiwa mwendoni na watu kupoteza maisha. Yalikuwa na kasoro za kiwandani, na upungufu wa upepo ulizidisha mambo. Lakini lililo dhahiri ni kwamba ajali zilikithiri katika majimbo ya joto, kama vile Texas, Florida na Arizona, kuliko katika majimbo ya baridi. Sisi ambao jua letu halina msimu wa kupumzika hatuna budi kulizingatia hilo, na miaka ambayo mtengenezaji wa Ulaya au Japani huitaja kuwa ukomo, kwetu tuihesabu kuwa ndiyo mirefu kabisa.

Kuisoma tarehe ya kuzaliwa

Kila tairi halali limechapwa ubavuni herufi DOT au alama zifananazo nazo, na mwishoni mwa mfululizo huo pana tarakimu 4. Mbili za mwanzo ni juma la mwaka, na mbili za mwisho ni mwaka wenyewe: 2319 maana yake tairi limetengenezwa juma la 23 la mwaka 2019, yaani mwezi wa Juni. Ukiona tarakimu 3 tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai tena barabarani kwa hali yoyote. Mara nyingi tarehe huwa upande mmoja tu wa tairi, nao huenda ukawa ndani. Basi ingia chini ya gari na tochi kukicha, likiwa limezimwa na kuwekewa kizuizi, au mwambie fundi wa pancha alifungue.

Usisahau tairi la akiba. Hilo halijapata kwenda hata siku moja, na kwa sababu hiyo hasa hudhaniwa kuwa jipya, kumbe lina umri sawa na gari. Kadhalika, tairi kuukuu lililovikwa mpira mpya, kama yalivyo mengi ya malori, lihesabiwe umri tangu lilipozaliwa mara ya kwanza, kwa kuwa mwili wa ndani ni ule ule.

Hadhari kwa wanunuzi

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini gari la miaka 7 lililotumika kidogo huko Japani huweza kushuka bandarini Kilindini likiwa bado na matairi liliyozaliwa nayo, meno yakiwa marefu na mpira umekwisha kuchoka. Mengine hufika na matairi ya theluji, ambayo mengi yake utayajua kwa alama ya mlima wenye kitone cha theluji ndani yake. Mpira wake ni laini mno, umekusudiwa baridi, nao juu ya lami ya Changamwe saa nane mchana hulainika na kulika upesi. Anayenunua gari katika yadi na asome tarehe za matairi yote, la akiba pamoja, kabla ya kutaja bei, kisha aipunguze thamani ya matairi hayo katika mapatano.

Kuhusu tairi la mtumba, wazee walisema rahisi ni ghali. Muuzaji hulipaka mafuta likang'aa, na mafuta ya petroli yanayotumika kung'arishia huifunika mipasuko na huenda yakaiharibu ile kinga tuliyoieleza. Lioshe kwa maji na sabuni, ulikunje ubavu wake kwa mkono, kisha ndipo uliangalie.

Dalili za kuangaliwa

Angalia ubavu na mifereji iliyo kati ya meno. Nyufa nyembamba kama unywele ni onyo. Nyufa ambazo ukucha huingia ni hukumu. Uvimbe wowote, hata uwe mdogo kama punje ya kunde, ni ishara kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na gari lisiende tena juu ya tairi hilo. Wenye kupita njia za ndani za Likoni na Kisauni, ambako mawe ya matumbawe hutokeza ardhini, na watafute mikato ya ubavuni, kwani maji ya chumvi huingia humo yakaila waya. Gari likitikisika kwa mtetemo ambao haukuwapo jana, simama ulitazame. Katika magari yenye tairi pacha nyuma, la ndani ndilo lisilotazamwa, na ndilo litakalo kutazamwa.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijaondoka, kwa kiasi kilichoandikwa mlangoni mwa dereva, wala usipunguzwe tairi likiwa na joto. Tairi lenye upepo mchache hujikunja kupita kiasi, hupata moto ndani, na huzeeka upesi.

Uamuzi

1. Tairi lisilotimiza miaka 5: lipimwe upepo kila mwezi na kuangaliwa kabla ya kila safari ya mbali.
2. Lililotimiza miaka 5: lifunguliwe na fundi stadi mara moja kwa mwaka, likaguliwe ndani na nje yake.
3. Lililotimiza miaka 6, nalo huchukua abiria, wanafunzi au wagonjwa: fedha za kulibadilisha zitengwe sasa, na magurudumu ya mbele ya basi yatangulizwe, kwa kuwa tairi la mbele likipasuka usukani hauitiki.
4. Lililotimiza miaka 10: liondolewe, likiwa na meno au halina, likiwa zuri au baya, la akiba pamoja.
5. Lenye uvimbe, waya uliotokeza au ufa wa kina: liondolewe leo, umri wowote liwao.

Kipengele cha nne si ukali wa kupita mpaka. Nchini Uingereza, tangu tarehe 1 Februari 2021, sheria hukataza tairi lililozidi miaka 10 katika magurudumu ya mbele ya mabasi na malori.

Uamuzi huu ufanywe nyumbani, na mwenye gari au halmashauri ya shule au ya msikiti, majuma kadhaa kabla ya safari, wala usiachiwe dereva alfajiri ya kuondoka. Gari likaalo sana hudaiwa mengi siku ile moja ya nadra: abiria wamejaa, mizigo juu, mwendo wa kilomita 480 mpaka Nairobi, na tairi lililoonekana salama kwenye foleni ya Changamwe hutiwa mtihanini baada ya Mariakani, kuelekea Maungu na Voi, jua likiwa utosini. Likipasuka huko, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Ashike usukani imara kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta, aliache gari lipungue mwendo, kisha alitoe barabarani taratibu.

Kulihifadhi gari lililokaa

Liegeshwe kivulini, na matairi yafunikwe kwa magunia au kitambaa cheupe upande upigwao na jua. Lisisimame juu ya oili iliyomwagika wala matope. Mbao nene chini ya magurudumu zatosha. Litembezwe kilomita kadhaa kila baada ya majuma mawili au matatu, kwa maana huko ndiko kuipa mipira dawa yake.

Tairi lililoondolewa

Tairi kongwe lisirudishwe sokoni kuwa msiba wa mwingine. Likatwe ubavu, ndipo apewe mshona makubadhi ya mpira. Lisitupwe uani, kwani maji ya mvua yakituama ndani yake huwa mazalio ya mbu wa kidingapopo, homa iliyoenea Mombasa mwaka 2013 na tena 2017. Wala lisichomwe moto, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwa watoto wa jirani. Atakaye kulifanya bembea au chungu cha maua na alitoboe matundu chini, maji yasipate kukaa.

Mwisho, kila mwenye gari na aandike katika daftari la gari tarehe ya kila tairi, la akiba pamoja, na mwezi ambao litafikia ukomo wake, ili fedha zitafutwe mapema na neno la "meno bado yapo" lisipate tena nafasi ya kuamua.