Kompyuta ya Kwenda nayo Dilolo

Mtafiti wa lugha ya toni ahitaji kompyuta ya namna gani? Swali hili lilinikabili Dilolo, mpakani na Angola, nikirekodi Kichokwe kwa kompyuta mpakato ya miaka tisa yenye RAM ya GB 4. Betri ilizima mzee akiwa katikati ya hadithi. Aliporudia, hakuisimulia vilevile.

Kwanza nililaumu kasi. Hesabu inanikanusha: sauti ya mono, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila moja, huchukua takriban MB 318 kwa saa. Saa 40 hazifiki GB 13. Praat, programu ya bure ya Boersma na Weenink wa Amsterdam, huchora kidatu hata kwenye mashine dhaifu.

Tatizo basi ni betri na diski. Kuweka SSD kungetosha kwa diski, maana haina sehemu zinazozunguka za kuharibiwa na mitikisiko ya barabara. Lakini betri mpya ya mashine yangu haipatikani tena, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Nimechagua ThinkPad T480 iliyotumika, ya 2018, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8: inakubali Windows 11, RAM yake huongezwa, na kwa kuwa ina betri mbili, ile ya nje hubadilishwa bila kuzima mashine. X1 Carbon ni nyepesi zaidi, ila RAM yake imechomelewa.

Kabla ya kuuliza bei, tujiulize: umeme ukikatika, tutapoteza nini kisichorudiwa?