Twende Pwani, Tule Vizuri
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Kidodi

Shule zikifungwa Desemba, familia zinazojaliwa nauli hushuka pwani: wengine Bagamoyo, wengine Kigamboni kwa shangazi au mjomba. Watoto wanaitaka bahari, wakubwa wanataka kuyapa kisogo mashamba ya miwa na mpunga kwa siku chache. Likizo ya namna hii ikiharibika, mara nyingi kisa si mawimbi. Ni sahani. Na kula vizuri pwani hakudai hoteli. Samaki wa asubuhi, wali, mchicha na embe ni mlo kamili, tena hauukaushi mfuko wa mkulima.

Njiani

Kutoka Kidodi, kupita Mikumi, Morogoro na Chalinze hadi Bagamoyo ni safari ya kutwa, na joto la ndani ya basi halina huruma na hotpoti. Pilau ya nyama iliyofungwa alfajiri ikaja kufunguliwa Chalinze saa nane mchana haifai tena, hata kama inanukia. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Jua likiwa kali, saa moja. Kwa hiyo bebeni vinavyovumilia: karanga za kukaanga, mkate, ndizi mbivu, machungwa, na maji yaliyochemshwa nyumbani. Maganda yabaki kwenye mfuko. Nyani wa Hifadhi ya Mikumi wameshajua kwamba madirisha ya mabasi hutoa chakula, na kuwarushia ni kuwaita chini ya magurudumu.

Mchele nao utoke nyumbani. Bonde la Kilombero lina mchele ambao watu wa Dar es Salaam huutafuta kwa jina, sasa wewe wa huku uende kuununua kwao kwa bei ya mjini?

Kwenye soko la samaki

Hapa ndipo pa kufungua macho. Mtu aliyezoea kambale na perege wa mtoni hujiona mjuzi wa samaki, lakini wa baharini wana mambo yao.

Nendeni mapema, vyombo vinaporudi. Bagamoyo na Feri ya Dar es Salaam samaki hunadiwa hapohapo ufukweni. Wachuuzi hununua kwa wingi, kisha huwapanga kwa mafungu. Familia isiyo na haja ya samaki wengi inunue fungu. Usiangalie ukubwa kwanza. Angalia jicho: liwe angavu na limetuna, si la ukungu lililozama. Funua shavu: ndani pawe pekundu, si kahawia. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama ikirudi, samaki ni mbichi kweli. Shimo likibaki, mwache. Harufu iwe ya bahari. Muuzaji akimwagia maji kila mara ili ang'ae, hiyo si barafu.

Vibua ni rahisi kwa bei na wana mafuta mazuri kwa moyo, kwa hiyo si chakula cha mnyonge. Lakini vibua na jodari wana sharti moja: wakikaa juani, hujengeka ndani yao sumu ambayo moto hauiondoi. Aliyeila huwa mwekundu usoni, huwashwa, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, pengine kabla hata hajanawa mikono. Kaangeni mpaka wakauke, sumu iko palepale. Dawa ni barafu tangu samaki anapotoka majini, au kumpika mara moja.

Wako pia wasioliwa kabisa. Bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, ana sumu inayokufisha ganzi midomo na ulimi, kisha hulegeza misuli hadi ya kupumulia. Haina kiuasumu. Kasa naye si kitoweo: sheria inamlinda, na nyama yake inaweza kuua. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa, na watu 78 walilazwa. Hao ni watu waliozaliwa kando ya bahari, wanaoijua. Mama anayenyonyesha akila nyama hiyo, sumu inaweza kumfikia mtoto kwa maziwa. Mkikaribishwa kitoweo msichokifahamu, ulizeni jina lake bila haya.

Jikoni kwa mwenyeji

Choma, chemsha, au paka kwa nazi; kukaanga kila siku si lazima. Ila tui huchacha haraka. Wali wa nazi wa mchana usiwe kiporo cha asubuhi, labda kama kuna friji na uliingizwa mapema. Ng'onda, yaani samaki wa chumvi waliokaushwa, walowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupika, maana Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai. Mboga za majani zisikosekane. Babu mwenye kisukari au bibi mwenye presha wale kwa saa zao za kawaida na dawa zao ziwe karibu. Likizo ni ya watu, si ya dawa.

Ufukweni

Mihogo ya kukaanga inayotoka moto kwenye karai ni salama kuliko kachumbari inayowekwa juu yake, kama hamjui imeoshwa kwa maji gani. Barafu ya kwenye juisi ya miwa nayo ni maji. Dafu huja limefungwa na Mungu mwenyewe, basi lipasuliwe mbele yenu. Soda nyingi zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 500 ina kama gramu 50. Sisi tunaolima miwa tunajua sukari ilivyo kazi kuipata. Si lazima mtoto aimalize yote siku moja.

Tumbo likichafuka

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, Morogoro ikiwemo, kwa hiyo kuhara kusichukuliwe mzaha. Anza na ORS, pakiti kwa maji salama ya kiasi kilichoandikwa juu yake, kidogo kidogo bila kuacha. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Watoto hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma mapema. Macho yakizama, mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au choo kikiwa na damu, msingoje kesho. Ganzi ya midomo baada ya kula samaki ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Kabla ya kupanda basi, pitieni zahanati mchukue ORS na zinki, na mkifika, swali la kwanza kwa mwenyeji liwe: kituo cha afya kilicho wazi usiku kiko wapi?