Sikio la Mtoto Litokalo Usaha

Katika mji wa Pangani na vijiji vyake, kutoka Bweni ng'ambo ya mto hata Mkwaja, watoto hucheza majini tangu wakiwa wadogo. Basi mtoto akitoka usaha sikioni, watu husema, "Ni maji ya mto." Twapenda kulieleza jambo hili, maana wengi hukosea, na hasara humpata mtoto.

Yafaa tujue ya kuwa ugonjwa huu mara nyingi hauingii kwa nje. Ndani ya sikio mna ngozi nyembamba, iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake pana chumba kidogo chenye hewa, na toka chumba hicho mrija mwembamba hushuka hata nyuma ya pua. Mrija wa mtoto ni mfupi, tena umelala. Kwa hiyo apatapo mafua, vijidudu hupanda upesi. Usaha hujaa, naye hulia usiku akishika sikio. Mwisho ngozi ile hutoboka, usaha hutoka, na maumivu hupungua. Hapo wazazi hudhani amepona, kumbe tundu limebaki. Lisipoziba, kusikia kwapungua. Mtoto huitwa asiitike, akapigwa kana kwamba ni mkaidi. Darasani huitwa mjinga, kumbe hasikii.

Basi, mpelekeni zahanati mapema. Kwa agizo la serikali, watoto walio chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Mganga atauliza usaha umetoka siku ngapi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, usipotimiza siku 14 mtoto hupewa dawa ya kunywa. Ukitimiza siku hizo au kuzidi, hupewa matone ya kutia sikioni. Katika hali zote mbili sikio hukaushwa, na mtoto hurudishwa kutazamwa baada ya siku 5.

Kukausha ni hivi. Twaeni kitambaa safi cha pamba, mkisokote kama utambi. Mkitie sikioni taratibu, kinywe usaha, kisha mkitoe. Twaeni kingine, hata kitoke kikavu. Fanyeni hivyo mara 3 kila siku, ndipo mtie matone. Msitumie kijiti, wala msitie mafuta wala maziwa ya mama. Na mtoto asizame mtoni hata mganga aseme tundu limeziba. Maji hayakuuleta ugonjwa, lakini huuzidisha.

Mkiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku ile ile, maana ugonjwa waweza kufika ubongoni.

Nanyi walimu, mtoto akaaye nyuma asijibu, litazameni sikio lake kabla ya kumkemea. Wazee walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sikio la mtoto si la kufa. Lataka utambi safi, na mzazi asiyechoka upesi.