Picha za Jubilei ya Ndoa Upareni: Maswali na Majibu

Wanandoa waliofunga ndoa mwaka 1976 wanatimiza miaka 50 mwaka 2026. Kwetu Same na milimani, hiyo maana yake ni misa au ibada ya shukrani, sufuria za makande, watoto wanaoshuka kwenye mabasi ya Dar es Salaam, na mtu mmoja anayekabidhiwa kazi ya picha. Mara nyingi mtu huyo amezoea harusi. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi, na wapiga picha wenzangu na pia watoto wanaowaandalia wazazi wao sherehe. Msimamo wangu ni huu: picha za jubilei hazipigwi kwa kanuni za harusi. Harusini una watu wanaoanza safari. Hapa una watu wenye mazoea ya miaka mingi, na inakubidi uyaone mazoea hayo kabla hujaanza kuwapanga.

Swali: Wenzetu wa mijini wanapiga picha kwenye bustani za jiji. Same hatuna bustani ya namna hiyo. Tuwapeleke wapi wazazi?

Anzeni na mahali walipoishi. Shamba la tangawizi la Mamba Miamba, migomba ya nyuma ya nyumba kule Usangi, ndiva (bwawa la kumwagilia) waliyokuwa wakipangiana zamu ya maji na majirani, ua wa shule waliyofundisha. Bustani ya jiji ni nzuri kwa mtu anayeishi jijini, kwa sababu ndiyo miti aliyo nayo. Mzee aliyepanda miti yake mwenyewe hana haja ya kukodishiwa ya manispaa.

Ukishapata mahali, jiulize mko upande gani wa mlima. Wengi hawaliangalii hilo, na huko ndiko picha zinakoharibikia. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, barabara kuu inapita upande wa magharibi wa Milima ya Upare. Kwa hiyo Hedaru na Makanya jua la asubuhi huchelewa, maana linachomoza nyuma ya milima. Jioni mambo hugeuka: jua linateremka upande wa tambarare na kuumulika mlima wote. Wasimamishe wazee mlima ukiwa nyuma yao, nyuso zielekee magharibi, na mwanga utakufanyia nusu ya kazi. Ukivuka upande wa pili, Kisiwani, Maore, Ndungu na Gonja, ni kinyume chake. Huko asubuhi ndiyo yenye mwanga mzuri, na jioni kivuli cha mlima kinakufikia jua likiwa bado halijazama. Usangi iko kwenye bonde lililozungukwa na vilele, hivyo jua linachelewa kufika na linawahi kuondoka. Mpiga picha anayekuja na ratiba aliyoizoea Same mjini atajikuta kivulini.

Rangi ya nchi nayo inategemea upande. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi humwaga mvua yake kwenye miteremko ya mashariki na juu milimani, na Same mjini inabaki kwenye ukavu. Ndiyo maana ndani ya siku moja unaweza kupiga picha kwenye vumbi jekundu na miba, kisha kwenye ukungu na msitu wa Chome chini ya kilele cha Shengena, chenye mita 2,462. Mimi sichukii ukavu. Migunga isiyo na majani na mlima wa bluu nyuma yake huzifanya nyuso mbili zionekane waziwazi, kuliko majani mengi yanayogombania macho ya mtazamaji.

Swali: Ibada inaisha saa sita mchana na kila mtu anataka picha hapohapo. Nifanyeje?

Tuko kama nyuzi nne kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa karibu kabisa na utosi, na hata miezi mingine haliendi mbali. Mwanga wa juu namna hiyo unajaza kivuli kwenye matundu ya macho, na mtu mwenye umri wa miaka sabini unamwongezea kumi. Piga picha za kundi, watu waridhike, kisha wapeleke wazazi kwenye baraza ya kanisa au ukingoni mwa kivuli cha mwembe. Nasema ukingoni kwa makusudi: ukiwaingiza ndani kabisa chini ya majani, rangi ya kijani inapanda usoni na madoa ya jua yanawaangukia mabegani. Waelekeze upande ulio wazi wenye mwanga.

Picha zenyewe zipangieni muda wake: kama mko upande wa magharibi wa mlima, kuanzia saa kumi na moja jioni. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, kulingana na mwezi, na likishazama una kama dakika ishirini tu kabla giza halijakufunga.

Swali: Wazazi wetu wakiona kamera wanakakamaa, hawacheki, mikono imenyooka ubavuni. Tuwaambiaje?

Kwanza msiwaambie kitu. Wapigeni hivyohivyo, na muipige vizuri.

Kusimama kule kuna historia. Studio kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930, na ya Parekh kule Mombasa zilikuwa sehemu ambazo mtu aliingia amevaa nguo yake bora na kutoka na picha moja au mbili za maisha. Kamera nyingi za studio na za wapiga picha wa kutembea zilitumia filamu ya namba 120, ambayo kwa picha ya mraba inatoa picha kumi na mbili tu. Hakuna aliyepoteza filamu kusubiri mtu acheke. Ulisimama wima, ukatazama mbele, ukajionyesha kwa heshima yako yote. Wazee waliofunga ndoa miaka ya sabini walijifunza kupigwa picha ndani ya utaratibu huo, na wanaposimama hivyo mbele yako wanakupa picha rasmi ya ndoa yao. Ipokee. Mara nyingi hiyo ndiyo wanayoitundika sebuleni.

Baada ya hapo, ipe mikono yao kazi. Mwombe mama amwekee mzee kola vizuri. Mwombe mzee amshike mama mkono wanaposhuka kwenye jiwe. Waulize swali ambalo kila mmoja ana jibu lake: mahari ilijadiliwa siku ngapi, na nani alichelewesha? Watabishana, watatazamana, na wewe uwe tayari.

Usiwaambie wakumbatiane au wabusiane mbele ya watoto na wakwe. Naona vijana wakilazimisha, na ninaumia. Hawa ni watu waliolelewa kwamba mapenzi ya mume na mke hayaonyeshwi hadharani. Ukiwalazimisha, picha itaonyesha aibu yao tu. Ukiwa na dakika kumi peke yao, watoto wote wakiwa mbali wanapakua chakula, unaweza kuona bega linaegemea bega bila kuambiwa. Kwa hiyo kazi moja kubwa ya mpiga picha wa jubilei ni kuwafukuza watoto kwa adabu.

Na kabla ya yote hayo, ukifika, kamera ibaki kwenye begi. Shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai unayopewa. Ukisikia majirani wanamwita mzee “mwalimu”, na wewe mwite mwalimu.

Swali: Tunaweza kupiga ndani ya Hifadhi ya Mkomazi?

Inawezekana, na lango la Zange halipo mbali na Same mjini. Mkomazi lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa katika miaka ya 2000, na lipo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Picha za familia mnazojipigia mkiwa watalii ni jambo moja; kumleta mpiga picha wa kulipwa na vifaa vyake ni jambo jingine, linaloweza kuhitaji kibali na malipo yake. Ulizeni kwa TANAPA kabla ya siku yenyewe, si mkiwa getini na bibi amevaa gauni la sherehe. Droni msiirushe bila kibali. Na hamtoki kwenye gari ila pale askari wa hifadhi anaporuhusu, kwa sababu humo kuna tembo na simba. Msitu wa Chome upo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na huko pia mtaanzia ofisini.

Kusema kweli, kwa wazazi wenye umri mkubwa Mkomazi siipendekezi sana. Mtatumia siku nzima kwenye vumbi, na mtakaporudi mmepata picha nyingi za twiga.

Swali: Wavae nini?

Wasivae sare mpya kabisa waliyoshonewa jana. Nguo isiyozoeleka inamfanya mtu ajishikeshike. Kama mnataka kitenge kinachofanana, kishonwe mapema na wakivae walau kanisani mara moja. Mistari myembamba sana na vidraftidrafti huleta mawimbi ya ajabu kwenye picha za kidijitali. Same ina upepo, hivyo kilemba kifungwe imara na pini ziwepo za akiba.

Suti nyeusi na gauni jeupe vinahitaji uangalifu wako wewe mwenye kamera. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila kinachokiona kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe na anga vikijaa kwenye picha, kamera inapunguza mwanga na nyuso zetu zinazama kwenye weusi. Pima mwanga kwenye uso wa mtu, funga kipimo hicho, kisha panga picha. Viwanda vya filamu vilipanga rangi kwa miongo mingi kwa kutazama ngozi nyeupe. Kodak ilisambaza kadi za kupimia zenye picha ya mwanamke Mzungu. Nyuso za wazazi wetu hazina shida yoyote ya kupigwa picha. Zinataka mtu anayezipima zenyewe.

Swali: Mama hawezi kusimama muda mrefu, na kupanda mlima ndiyo kabisa.

Kiti. Kile cha nyumbani anachokalia kila siku, kiletwe nje. Baba asimame nyuma kidogo, au bora akae naye, ili vichwa visipishane sana. Mambo yote yafanyike umbali wa hatua chache kutoka mlangoni, na kama kuna kupanda, apande mpiga picha. Milimani kuna baridi, kwa hiyo shali iwepo, na iingie kwenye picha bila wasiwasi.

Swali: Lenzi gani inafaa?

Milimita 50 au 85 kwa picha za wawili, 35 ukitaka shamba na mlima vionekane. Usifungue tundu la lenzi mpaka mwisho. Wawili hawako kwenye mstari mmoja kila wakati, na kwenye f/1.8 jicho la baba linakuwa kali huku uso wa mama ukipotea kwenye ukungu. Nenda f/4 au f/5.6. Miwani ikiakisi anga, inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio. Kioo kitainama na mng’ao utaondoka.

Swali: Wajukuu wameshaanza kurusha picha mtandaoni. Kuna ubaya?

Waulizeni wazazi kwanza, kila mmoja peke yake. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Mpiga picha anayetaka kuzitumia kujitangaza aombe ridhaa kwa maandishi. Bibi ana haki ya kukataa hata kama amependeza.

Swali: Wana picha moja tu ya harusi yao, ya rangi nyeusi na nyeupe, na imeanza kufifia. Inaweza kuingizwa kwenye kazi hii?

Inaweza, na ningeanza nayo. Itoeni kwenye fremu kama inatoka kwa urahisi. Kama imeganda kwenye kioo, iacheni, msiibandue, kwa maana tabaka la picha linabaki kwenye kioo. Ilaze mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kamera iwe juu yake sambamba kabisa, kwenye stendi, bila flashi. Kama ina kioo, zungushia lenzi kitambaa cheusi ili kamera isijione kwenye kioo. Piga na upande wa nyuma: huko mara nyingi kuna mhuri wa studio, tarehe, au jina la aliyetumiwa.

Kisha wape waishike na uwapige hapo. Msiwaambie waige pozi la zamani. Acha waitazame. Mmoja ataonyesha kwa kidole mtu aliyesimama pembeni na kumtaja, mwingine atamsahihisha, na utapata nyuso ambazo hakuna maelekezo ya mpiga picha yangezileta.

Baadaye zisafisheni zote mbili, ya zamani na ya sasa, kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 10, mziweke fremu moja. Kwa ukubwa huo mnahitaji picha yenye nukta zisizopungua 2,400 kwa 3,000. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa na haifiki hapo. Mwambieni mpiga picha awape kwenye flashi, au kama ni lazima iwe WhatsApp, aitume kama dokumenti.