SOMO: KITAMBAA CHA WATAWA NA MAKALA YETU

Katika kozi ya dini ulizo lilibaki bila jibu: mutu asiyemwamini Mungu Muumbaji atachunga musitu kwa sababu gani? Basi tuangalie Wabuddha.

Buddha alikataza kuua chenye uhai, na watawa wake wanafuata amri ile mpaka mu vitu vidogo. Kati ya vitu nane vya mutawa iko kichungio cha maji, asiue wadudu akikunywa. Kukata muti ao kungoa majani wanakatazwa. Tena miezi tatu ya mvua wanakaa pahali pamoja, kwani zamani watu walinungunika kwamba wakitembea wanakanyaga mimea michanga. Mimi ninaona ile ya mvua inapita zote: inafunga hata miguu.

Katika Thailand, jimbo la Phayao, mutawa Phrakhru Manas alifunga kitambaa cha watawa juu ya muti, mwaka 1988. Siyo kusema muti umegeuka mutawa, hapana! Lakini mwenye shoka akifika pale anasita. Mwisho wa mwaka ule mafuriko makali yaliua watu kusini mwa inchi, na mwaka 1989 serikali ilikataza biashara ya kukata miti mu misitu.

Wengine watasema kitambaa ni sanamu. Sawa, tusikifunge. Lakini Mwanzo 2:15 inatupa sisi kazi ya kuchunga bustani, na bustani yetu iko namna gani? Kiwanda cha shaba kiliwaka Lubumbashi mwaka 1911, moshi wake ukaharibu udongo mpaka ku Penga Penga majani yakakataa kuota. Watafiti wa Université de Lubumbashi walijaribu kupanda pale, na chokaa na mboleo. Ile inapita nguvu za mwanafunzi.

Mbabula, lakini, ni yetu. Miti ya miombo inaingia mujini ndani ya magunia ya makala, juu ya kinga. Musitukane mwenye kusukuma kinga: anauzia sisi. Umeme ukikatika, tunajaza mbabula mpaka juu kwa sufuria moja ya chai, kisha moto unabaki kuwaka bure. Chakula kikiiva, zimeni makala kwa muchanga. Kesho yatawaka tena.

Tangu Siku ya Kwanza, wenye zamu ya jiko watahesabu magunia ya kila juma. Hesabu itaandikwa ku ubao, karibu na mulango wa refectoire.