SOMO LA UFUGAJI: SUNGURA WA NYUMBANI — KUMLEA, KUMZOEZA WATU NA KUMKABIDHI

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya vikundi vya kujifunza vya vyama vya msingi. Katibu anaombwa alisome kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, na kila kifungu kikiisha awape wanachama nafasi ya kuuliza na kutoa ujuzi wao wenyewe. Maswali ya mazungumzo yako mwishoni.

1. Sababu ya somo hili

Wanachama wengi wenye mashamba madogo hufuga sungura kwa ajili ya nyama na samadi. Hilo ni jambo jema, wala somo hili halilipingi. Lakini yupo mnunuzi wa namna nyingine: mzazi wa mjini anayetaka mnyama wa kulelewa na watoto wake, au mwalimu anayetaka sungura wawili wa shule. Mnunuzi wa nyama hutazama uzito. Huyu wa pili hununua afya na tabia, tena hununua kwa muda mrefu, kwa maana sungura aliyetunzwa vyema aweza kuishi miaka 8 hadi 12.

Miaka iliyopita, katika chama ambacho mwandishi wa somo hili alikuwa katibu wake, likizo ya shule ilikaribia na wanunuzi wakataka watoto wa sungura walio wadogo kabisa, kwa kuwa ndio wanaopendeza machoni. Tukawatoa sita wakiwa na umri wa majuma manne. Siku kumi hazikutimia, wanne walikuwa wamekufa kwa kuharisha. Baba mmoja alirudi ofisini na kikapu kitupu. Hakudai fedha zake. Aliuliza neno moja tu: "Je, mlijua?" Ukweli ni kwamba baadhi yetu tulijua, lakini daftari letu halikuwa hata na safu ya tarehe ya kuzaliwa. Somo hili limeandikwa ili katibu mwingine asikose jibu la swali lile.

2. Mnyama huyu ni nani

Sungura wa ngano zetu, yule mjanja anayewashinda fisi na simba, ni sungura wa porini. Huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyo wazi, nao huweza kuruka muda mfupi baada ya kuzaliwa. Sungura wa kufugwa ni mnyama mwingine, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno. Huyu huishi kwa makundi katika mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi, vipofu na wasiojiweza.

Kutokana na asili hiyo mfugaji akumbuke mambo matatu. Kwanza, sungura ni mnyama anayewindwa. Akinyakuliwa kutoka juu huona kama amekamatwa na mwewe. Pili, huficha ugonjwa wake mpaka umezidi. Tatu, hapendi upweke, lakini pia hapokei mgeni kwa haraka.

3. Makao

Kizimba kiinuliwe kiasi cha mita moja kutoka ardhini, mahali penye kivuli na hewa isiyo na upepo mkali. Kwa jike wa kuzalisha, sakafu isipungue sentimeta 90 kwa 60. Sungura wa kukaa nyumbani ahitaji nafasi kubwa zaidi: aweze kuruka hatua tatu mfululizo na kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa dari, tena apate kila siku muda wa kutembea katika uwanja uliozungushiwa wavu.

Miguu ya kizimba isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu, kwani siafu wakiingia usiku hawaachi kitu. Wavu uwe na matundu madogo ili kuzuia panya, nyoka na nguchiro. Joto likipita nyuzi 30 sungura hutaabika, maana hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa mishipa ya masikio. Wanachama wa pwani watundike gunia lililoloweshwa maji upande unaoingia upepo, na maji ya kunywa yasikosekane hata saa moja.

4. Uzazi na siku za kukumbuka

Jike apelekwe kwenye kizimba cha dume. Dume asipelekwe kwa jike, kwa kuwa jike hulinda makao yake na aweza kumjeruhi. Mimba huchukua siku 30 hadi 32. Siku ya 27 au 28 liwekwe sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu laini. Jike atanyonyoa manyoya ya kifua chake na kuyatandika humo.

Jike huwanyonyesha watoto mara moja tu kwa siku, dakika tatu hadi tano, kisha huondoka. Mwanachama mgeni hudhani wametupwa na mama yao. La. Atazame matumbo yao: yakiwa ya mviringo na ngozi haina mikunjo, wanashiba. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 12, na kufikia juma la tatu huanza kutoka sandukuni na kutafuna majani.

Watoto wasitolewe kwa mama kabla ya majuma sita, na wale wanaokwenda kwa watu wasiondoke shambani kabla ya majuma manane. Katika majuma hayo tumbo hujifunza kuacha maziwa na kupokea majani. Anayekatizwa mafunzo hayo, kisha akasafirishwa na kubadilishiwa chakula siku hiyohiyo, huharisha na kufa. Mnunuzi akihimiza, aambiwe kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka.

5. Kumzoeza watu

Samaki mkunje angali mbichi. Kwa sungura, ubichi huo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wachunguzi wa Hungaria walionyesha, katika taarifa zao za mwaka 1999 na 2000, kwamba watoto wa sungura walioshikwa na binadamu kila siku katika juma la kwanza la maisha yao hawakuwaogopa watu baadaye, na kwamba kushikwa huko kulifaa zaidi kulipofanywa karibu na wakati wa kunyonya. Kushikwa saa nyingine kulikuwa na manufaa machache.

Mwanachama afanye hivi. Sanduku lifungwe usiku na kufunguliwa asubuhi, ili ajue saa ya kunyonya. Mama akimaliza na kutoka, mwanachama anawe mikono kwa maji bila sabuni yenye manukato, aisugue kwa manyoya ya sandukuni, kisha amshike kila mtoto kwa dakika moja au mbili na kumrudisha penye joto. Wakati uo huo ahesabu watoto na kumwondoa aliyekufa. Kazi hii haipiti robo saa.

Kuanzia juma la tatu hadi la nane kazi hubadilika. Mtu aketi chini, ndani ya uwanja wa sungura, na kuwaacha wamjie wenyewe. Waje watu mbalimbali: mzee, mama, kijana, mtoto aliyefundishwa kutulia. Wasikie redio, mlio wa sufuria na sauti za nyumba. Mbwa aonekane kwa mbali akiwa amefungwa. Asiyetaka kushikwa leo asilazimishwe; ajaribiwe tena kesho.

Sungura asiinuliwe kwa masikio hata kidogo. Mkono mmoja ushike chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, na mwili wake uegemezwe kwenye kifua cha mbebaji. Akining'inizwa na kupiga mateke aweza kujivunja uti wa mgongo. Mtoto mdogo asimbebe akitembea. Aketi chini, awekewe sungura mapajani.

6. Chakula na afya

Sehemu kubwa ya chakula iwe nyasi, hasa nyasi kavu safi, kwa sababu meno ya sungura huota maisha yake yote na kutafuna ndiko kunakoyapunguza. Majani ya viazi vitamu na mchunga yanafaa, yakiwa yamenyaushwa kivulini na hayana umande. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya, ya parachichi na ya muhogo mabichi yasitolewe, yana sumu. Chakula cha kuku si chakula cha sungura. Sungura hula kinyesi chake laini. Si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa.

Sungura asiyekula kwa nusu siku ni mgonjwa, na Bwana Mifugo aitwe bila kungoja. Dawa za penisilini za kunywa asipewe kamwe, kwani huharibu tumbo lake na kumuua. Kizimba kisafishwe na kukaushwa mara kwa mara, maana koksidiosi, adui mkubwa wa watoto walioachishwa kunyonya, hupenda unyevu na uchafu.

7. Kutambua dume na jike

Kosa lililo jepesi kufanywa ni kuuza "majike wawili" ambao si majike wawili. Baada ya miezi michache mnunuzi huwa na wanyama kumi asiowataka, na chama huwa na jina baya. Watoto wakaguliwe mara mbili, siku ya kuachishwa kunyonya na siku ya kuondoka, na kila mara watazame watu wawili. Ngozi ya sehemu ya uzazi ikisukumwa taratibu, dume huonyesha mrija mdogo wa mviringo, jike huonyesha ufa. Wakifikisha miezi mitatu, madume na majike watenganishwe pasipo udhuru. Madume wawili wakikomaa hupigana vibaya. Majike wa uzao mmoja waliokua pamoja hupatana zaidi. Palipo na mganga wa mifugo ajuaye kazi hiyo, dume aliyehasiwa na jike mmoja ndio jozi iliyo bora.

8. Kumkabidhi

Kabla ya kupokea fedha, muuzaji amwulize mnunuzi maswali manne. Sungura atalala wapi? Nani atamlisha watoto wakichoka naye au shule ikifungwa? Pana mbwa au paka? Naye ajua kwamba mnyama huyu aweza kuishi miaka 10? Asiye na majibu ashauriwe ajitayarishe kwanza. Kumkatalia mtu leo ni hasara ndogo kuliko kikapu kitupu kesho.

Safari ifanywe asubuhi mapema au jioni, katika tenga lenye hewa na nyasi chini. Mnunuzi apewe chakula alichozoea sungura, cha kutosha juma moja, na konzi ya matandiko ya zamani yenye harufu anayoijua. Siku mbili za kwanza asishikwe-shikwe. Akikutanishwa na sungura mwingine, wakutanishwe mahali pageni kwa wote wawili, mtu akiwa karibu.

Mwisho, mnunuzi aambiwe waziwazi kwamba akishindwa amrudishe kwa chama, asimwachie porini. Sungura wa nyumbani porini aweza kuliwa siku ya kwanza. Na asipoliwa, aweza kuleta balaa: sungura wachache aliowaachia Thomas Austin huko Victoria, Australia, mwaka 1859, walizaana mpaka wakawa janga la mashamba ya nchi ile. Anayerudishwa akae peke yake majuma mawili akiangaliwa afya, ndipo atafutiwe nyumba nyingine.

9. Kazi ya katibu

Chama kiwe na Daftari la Sungura lenye safu hizi: namba ya mama na ya baba, tarehe ya kuzaliwa, idadi ya waliozaliwa na waliokufa, tarehe ya kuachishwa kunyonya, jinsia na majina ya wakaguzi wawili, tarehe ya kuondoka, jina la mnunuzi, na safu ya mwisho, "Amerudishwa?". Stakabadhi isiandikwe kabla tarehe ya kuzaliwa haijatazamwa. Mwezi mmoja baada ya mauzo, katibu amwulize mnunuzi hali ya mnyama na kuandika jibu, liwe zuri au baya.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sungura mmoja mwenye afya, anayemjia mtoto bila hofu, atawaleta majirani watatu mlangoni kwa chama. Na siku mtu atakapouliza, "Je, mlijua?", katibu alifungue daftari mbele yake.

Maswali ya mazungumzo

(a) Katika kijiji chetu, watoto wa sungura huuzwa wakiwa na umri gani? Nani anayejua tarehe zao za kuzaliwa?

(b) Mwanachama ana shida ya fedha, na mnunuzi yuko mlangoni akitaka watoto wa majuma matano. Chama kimsaidieje mwanachama huyo ili asilazimike kuuza?

(c) Je, chama chetu kiko tayari kumpokea sungura anayerudishwa? Nani atamweka, na gharama za chakula zitatoka wapi?

(d) Kila mwanachama aonyeshe, kwa sungura halisi, namna ya kumwinua na kumweka chini. Wengine wamsahihishe.