Dondoo muhimu: Kompyuta inapoomba ruhusa

Skrini ya Windows ikififia ghafla na kidirisha kikauliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko, usikimbilie "Ndiyo". Je, ni wewe uliyeanzisha jambo hilo? Kama unasakinisha programu ya printa, sawa. Kama ulikuwa unasoma habari tu, bonyeza "Hapana". Ikiwa ni programu halali, itauliza tena utakapoihitaji.

Tazama jina la programu na la mchapishaji wake. Mchapishaji asipojulikana haina maana kwamba ni virusi, maana watengenezaji wadogo wengi hawana saini ya kidijitali. Swali ni faili umelitoa wapi. Kama ni programu ya kulipia uliyopewa bure kwenye flashi ya mtu, achana nayo.

Wengine huchoka, wakayazima maswali yote. Kwenye Windows Vista ya mwaka 2007 yalikuwa kero kweli, siwalaumu. Lakini tangu Windows 7 kuna kitelezi cha kudhibiti maswali hayo, chenye ngazi 4. Kiache ngazi ya pili kutoka juu: ukibadilisha mipangilio ya Windows mwenyewe, kwa kawaida husumbuliwi, programu ikijaribu, unaulizwa.

Kubwa kuliko yote ni akaunti. Watoto wape akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Wakijaribu kusakinisha mchezo unaotaka kugusa mfumo, kidirisha kitadai nywila yako, na watakuja kukuita. Nenda ukaiandike mwenyewe. Usiwatajie kwa sauti kutoka jikoni kwa sababu mikono ina unga.